Pizza ya jiwe kwenye mkaa: chini imeungua, juu bado mbichi

Ikikutokea hivyo, usilaumu unga. Jiwe la kuokea lina moto kuliko hewa iliyo juu yake, basi. Sukuma makaa pembeni yalizunguke jiwe, katikati pabaki wazi, kisha funika jiko dakika 30 hadi 40 kabla ya kuoka chochote. Jiwe liingie mapema, moto ukiwa ndio kwanza unashika. Mimi niliwahi kuliweka la baridi juu ya makaa mekundu. Likalia kama chupa na kupasuka vipande viwili. Na mawe ya kuokota mtoni achana nayo kabisa, unyevu wa ndani huweza kuyalipua.

Jiko lako halina mfuniko? Palia makaa kama unavyopalia wali: funika kwa sinia kuukuu la bati, weka makaa machache juu yake. Jibini itayeyuka vizuri tu.

Kupima moto, nyunyiza unga kidogo juu ya jiwe. Ukigeuka kahawia polepole, weka pizza; ukiwa mweusi papo hapo, ngoja kidogo. Ubao wa kuingizia pizza jikoni upake sembe, si unga wa ngano, pizza iteleze bila kukunjamana. Nyanya zichemshe mpaka rojo iwe nzito, la sivyo maji yatavuja na kugandisha pizza kwenye jiwe.

Jiwe likipoa lenyewe, kwangua tu. Sabuni hapana: lina vitundu, litainyonya, na pizza ijayo mtaila na povu.