Mikanda ya besiboli ndani ya boksi la viatu: namna ya kuiokoa na kuisoma

Wengi wetu tuliohamia Marekani tumepitia kazi ya kutunza wazee. Huko ndiko nilikokutana na mkanda wangu wa kwanza. Mzee mmoja mzaliwa wa Brooklyn, niliyekuwa nikimhudumia zamu ya usiku, alinionyesha boksi la viatu lililojaa filamu za milimita 8 alizopiga baba yake. Akaniambia kwamba mojawapo ina Ebbets Field, uwanja wa timu ya besiboli ya Dodgers, ulioanza kubomolewa Februari 1960. Hakuwa ameitazama tangu projekta ya nyumbani kwao ilipoharibika. Leo kuhamishia mikanda ya namna hiyo kwenye kompyuta ndiyo kazi inayonilisha, na mwongozo huu ni kwa yeyote atakayekabidhiwa boksi kama lile.

Usidhani kwamba yote haya yapo tayari mahali fulani. Matangazo mengi ya besiboli ya televisheni ya miaka ya 1950 hayakuhifadhiwa, na filamu za habari zilizoonyeshwa kwenye sinema zilichukua tukio kubwa la siku tu, bila rangi. Baba mwenye kamera yake alipiga alichokipenda: foleni ya tiketi, mkewe akimenya karanga, nyasi za uwanja. Tangu 1936 aliweza kununua Kodachrome ya milimita 8, filamu ya rangi ambayo ikikaa gizani haichujuki upesi. Nimewaona wazee waliozoea picha za kijivu za magazeti wakinyamaza kimya pale kijani cha uwanja wao kinapotokea.

Hatua ya 1: Nusa, na usiwashe projekta

Fungua kopo ulinuse. Harufu ya siki maana yake plastiki ya mkanda imeanza kuoza. Utenge na mingine siku hiyohiyo, kwa sababu mvuke wake huharakisha kuoza kwa jirani zake, na huo ndio uwe wa kwanza kuhamishwa. Hata usiponuka, usiupitishe kwenye projekta ya zamani. Mkanda wa miaka 70 umesinyaa kidogo, matundu yake hayalingani tena na meno ya mashine, na meno hayo huyararua moja baada ya jingine. Najua hamu ya familia iliyokusanyika sebuleni. Waombe subira.

Hatua ya 2: Jua mkanda wako

Pima upana. Milimita 16 ilitoka 1923, milimita 8 ya kawaida 1932, na Super 8 mwaka 1965. Hizi mbili za mwisho zina upana mmoja, ila Super 8 ina matundu madogo zaidi na picha kubwa zaidi. Kwa mpenzi wa besiboli hilo tayari ni jibu: mkanda wa Super 8 hauwezi kuwa na mchezo wa Ebbets Field, wala wa Polo Grounds, uwanja mwingine wa New York, uliobomolewa 1964.

Hatua ya 3: Upitishe kwa mikono

Vaa glavu safi, shika kingo tu, na uviringishe mkanda taratibu kutoka gurudumu moja hadi jingine juu ya meza yenye taa. Tafuta viungo vilivyoachia gundi, mikunjo, matundu yaliyochanika. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Maji yasiuguse kabisa.

Wakati huo chukua kioo cha kukuzia utazame ukingoni. Kodak, watengenezaji wa filamu, walichapa pale maumbo madogo, kama duara, mraba na pembetatu, yanayoonyesha mwaka filamu ilipotengenezwa kiwandani. Maumbo hayo hurudiwa kila baada ya miaka 20, kwa hiyo alama ya 1930 ndiyo ya 1950 na ndiyo ya 1970. Ziandike hata kama bado huna jedwali la kuzisomea.

Hatua ya 4: Uhamishaji

Usirekodi picha ya ukutani kwa simu. Tafuta anayetumia skana inayopiga kila fremu, yaani kila picha moja ya mkanda, peke yake, na umpe masharti matatu. Achukue fremu nzima pamoja na kingo. Asisafishe chembe kwa programu, maana programu hizo hufuta hata mpira ukiwa hewani; kwao mpira wa besiboli ni doa jeupe kama madoa mengine. Na asibadilishe mwendo.

Hapo kwenye mwendo ndipo watu wengi hukosea. Kamera nyingi za milimita 8 zilipiga fremu 16 kwa sekunde. Ukizionyesha kwa 24, kila mtu anakwenda mara moja na nusu ya kasi yake, na wachezaji wakubwa wanaonekana kama vikaragosi. Besiboli ina kipimo chake cha ndani. Kutoka kwa mpigaji hadi kituo cha kwanza ni futi 90, na mchezaji hodari anayekimbia kwa nguvu zote hutumia sekunde 4 na kidogo. Tafuta mkimbiaji mmoja umpime kwa saa. Akifika kwa sekunde 3, punguza mwendo.

Kagua pia kama picha imegeuzwa kama ya kwenye kioo. Mpigaji hukimbilia kulia kwake akitazama uwanja. Ukimwona anakimbilia kushoto kwake, mkanda uliwekwa kinyume.

Hatua ya 5: Mwache mchezo ujitajie mwaka

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayodai muda. Usimtazame mrushaji kwanza. Tazama nyasi. Hadi msimu wa 1953 wachezaji waliokwenda kupiga waliacha glavu zao zimelala uwanjani. Tangu 1954 sheria ilikataza. Kwa hiyo glavu kwenye nyasi ni kabla ya 1954. Kisha tazama migongo: Yankees, timu ya New York, walianza kuvaa namba 1929, na majina ya wachezaji yalionekana kwanza kwa White Sox, timu ya Chicago, mwaka 1960. Nembo ya besiboli kutimiza miaka 100 kwenye mkono wa jezi ni 1939, kwa timu zote kubwa.

Viwanja navyo vinasema. Yankee Stadium ya zamani ilikuwa na minara ya kumbukumbu ndani ya uwanja wenyewe, mbali nyuma katikati. Ihesabu: mmoja, wa kocha Miller Huggins, ni tangu 1932, miwili, baada ya kuongezwa wa mchezaji Lou Gehrig, ni tangu Julai 1941, mitatu, pamoja na wa mpigaji maarufu Babe Ruth, ni tangu Aprili 1949. Pale Wrigley Field, Chicago, mimea inayotambaa ukutani ilipandwa 1937. Aprili huwa haina majani, basi usiharakishe kuhukumu. Tafuta pia ubao mkubwa wa matokeo uliojengwa mwaka huohuo.

Andika unachokiona, na unachokisia ukiandike kando. Tarehe 1 Oktoba 1932, hapohapo Wrigley Field, mtazamaji aitwaye Matt Kandle alipiga kwa kamera yake ya milimita 16 mchezo wa World Series, fainali za besiboli, ambao Babe Ruth anasemekana alinyoosha mkono kuonyesha mpira utakapoangukia, kisha akaupiga nje ya uwanja. Mkanda ulikaa miongo mingi kabla umma haujauona. Mkono unaonekana umenyooka kweli. Kama alionyesha nyuma ya uwanja au aliwajibu wapinzani waliomzomea, watu wanabishana hadi leo.

Hatua ya 6: Kaa na mzee, simu ikirekodi

Usimtumie faili ukaondoka. Keti naye, mwulize mwanzoni kama anaridhia kurekodiwa, na umwache aseme "rudisha" mara nyingi atakavyo. Andika dakika na sekunde ya kila analolitaja.

Mkanda wa mzee wangu ulikuwa wa dakika 4. Mchezo wenyewe haukuzidi sekunde 40. Glavu zilikuwa kwenye nyasi, na namba 42, Jackie Robinson, nyota wa Dodgers, alisimama karibu na kituo cha pili. Nilidhani hapo ndipo ataniomba nirudishe. Alipitisha. Alinisimamisha kwenye safu ya watazamaji, kwa kijana aliyevaa shati la mistari akiwa amegeukia kamera. Ni mjomba wake. Aliondoka kwenda vitani Korea majira ya kupukutika kwa majani ya 1950, na hakurudi.

Nilirudi kwenye karatasi yangu ya maumbo ya ukingoni: 1930, 1950 au 1970. Rangi ilikataa 1930, uwanja uliobomolewa ulikataa 1970, na mjomba alikataa kila msimu baada ya 1950. Niliandika juu ya kopo "Ebbets Field, kiangazi 1950", nikaongeza jina la mjomba kama mzee alivyolitamka, na mkanda wenyewe nikaurudisha kwenye boksi lake la viatu, kwenye kabati lisilo na joto wala unyevu.