Dada, azima mita ya fundi wa kushona upime tumbo: namna ya kulinda moyo ungali kijana

Hapa Bukavu mtu akikukuta Kadutu kisha siku mingi akuambie "eh, umenona, unakaa muzuri", unarudi nyumbani na furaha. Sitaki kukuondolea ile furaha. Ila napenda kila dada wa miaka 20 mpaka 35 ajiulize: yale mafuta yameenda kukaa wapi? Juu mafuta ya matako na mapaja hayasumbuaki moyo sana. Yale ya tumbo, na sisemi yale unashika na mukono, nasema yale yanajificha ndani kabisa kuzunguka ini na utumbo, ayo ndiyo hayatulii. Yanatoa vitu vinaingia kwa damu, ini inadhani mwili uko kwenye vita, inaanza kutengeneza protini moja inaitwa CRP, sawa vile inafanyaka ukiwa na maambukizi, lakini hapa homa hakuna, kidonda hakuna. Ndiyo uvimbe wa ndani, inflamasio. Hauumi. Ukiendelea miaka, unaharibu ngozi ya ndani ya mishipa, kolesteroli inapata pa kushikama, mushipa unaziba pole pole.

Basi tupime. Asubuhi kabla ya kula, simama wima, tafuta na vidole ubavu wa mwisho chini, kisha mufupa wa nyonga kwa juu, mita ipite katikati ya ivyo viwili. Wengi wanapimaka pale kiuno iko kidogo, pale fundi anapimia robe, siyo pale. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, soma. OMS, ile Shirika la Afya Duniani, inasema mwanamuke akipita sm 80 hatari imeanza kupanda, akipita 88 imepanda sana. Njia ingine, na mimi ndiyo naipenda juu hatulingane urefu: tumbo lisifike nusu ya urefu wako. Uko na mita 1,58? Nusu ni 79. Mwenye mimba ao aliyejifungua juzi aache kwanza. Na wewe mwembamba pima pia, kuko ba dada wenye mikono midogo na tumbo liko mbele.

Kisha tansio (presha ya damu) na sukari ya damu. Kaa umetulia dakika tano ndipo wakufunge ile mashine, siyo umetoka kupanda mulima unahema. Ukipata 140 kwa 90 siku mbili tofauti, muone munganga. Na kama kwa mimba ulipandaka tansio ao sukari, umuambie hata kama mutoto sasa anasoma, juu ile inaachaka alama kwa moyo wa mama.

CRP yenyewe usiikimbilie. Ile ya kawaida ni ya kutafuta maambukizi, ya moyo ni ile inaona hata kiasi kidogo sana, uliza labo kama wanayo. Chini ya mg 1 kwa litre ni muzuri, kati ya 1 na 3 ni katikati, juu ya 3 hatari iko, na ikipita 10 tafuta kwanza ugonjwa mwingine, malaria, jino, kitu chochote, pona, ngoja wiki mbili, rudia. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kuipandisha pia, vitaje, usivitupe. Kama pesa ni kidogo, acha CRP, lipia tansio na sukari.

Sasa kitu inaniuma roho: vidonge vya kunonesha. Vinauzwa sokoni ndani ya kasashe bila jina, na mara mingi ni dexamethasone. Unaona mashavu yamejaa unafurahi, kumbe mafuta yanakimbilia tumbo, tansio inapanda, sukari inapanda, mifupa inalegea. Na ile dawa ni ya kuzima inflamasio, kwa hiyo unaweza pima CRP ikatoka chini kabisa, ukasema niko salama, wakati moyo unabeba muzigo. Kama umevikunywa wiki mingi, tafazali usivikate gafula, tezi zako zimelala na unaweza anguka, peleka ile kasashe kwa munganga akupunguzie pole pole. Mafuta makali ya kujichubua yenye clobetasol ni ya jamaa moja, yanapita kwa ngozi yanaingia damu.

Chakula siongei mingi, tunacho. Samaki ya sambaza, maharagi, lengalenga (muchicha), sombe (majani ya muhogo) yenye mawese ya kijiko siyo ya kuelea. Chumvi yote ya siku, pamoja na ile ya kibe ya mchuzi, isipite kijiko kimoja kidogo cha chai. Fanta iko na sukari mingi, fanya ikuwe ya sikukuu. Sigara acha, na makala (makaa) pikia nje ao mlango wazi, moshi wake nao unachokoza mishipa.

Kutembea ndiyo dawa ninayoamini kuliko yote: dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kukufanya uheme kidogo lakini uweze kuongea. Hapa milima haikosi, shuka na moto (pikipiki), panda na miguu. Mafuta ya ndani ya tumbo yanaanzaka kutoka hata wakati kilo hazijasogea, ndiyo maana sikuambii ununue mizani. Lala pia, masaa saba, simu weka mbali.

Pima tena kila mwezi, siku chache kisha hedhi kuisha juu mbele yake tumbo linajaaka, andika namba na tarehe. Miezi mitatu ikipita mita haijashuka na tansio iko juu, usianze kujinyima chakula, beba ile karatasi uende nayo kwa munganga.