Mzee mwenye sukari usimuulize kama kiatu kinambana, pima mwenyewe

Mi ni fundi viatu hapa Mwanza, na siku hizi natengeneza sana viatu vya wazee wenye kisukari. Kinachoniumiza ni hiki, kijana anamleta baba yake, anamvalisha kiatu, anamuuliza "baba kinabana?", mzee anasema hakibani, wanalipa wanaondoka, wiki mbili mbele kidole kina kidonda. Mzee hajadanganya. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu miguuni, kiatu kinamchuna na yeye hasikii, tena wengi wanachagua kinachobana kwa sababu ndo hicho tu wanakihisi kidogo.

Hatua ya 1, kagua mguu. Mkalishe, afumbe macho, mguse kwa ncha ya kidole chako bila kubonyeza, sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, miguu yote, jumla vidole sita. Asipohisi viwili au zaidi, ganzi ipo. Ukikuta kidonda, au mguu mmoja umevimba na una joto kuliko mwingine hata kama hauumi, achana na habari ya kiatu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 2, na hapa usifanye haraka. Pima jioni maana miguu inakuwa imevimba. Asimame kwenye kipande cha boksi, sio akae, mguu ukibeba uzito unatanuka. Chora kuuzunguka, kalamu wima, miguu yote miwili kwa sababu mara nyingi hailingani, alafu kata ile michoro uende nayo dukani. Itumbukize ndani ya kiatu, ikikunjika pembeni kiatu ni chembamba, kirudishe hata kama ni kizuri vipi. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (sio lazima kiwe gumba) ibaki sentimita moja mpaka mbili, na juu ya vidole pawe na nafasi.

Hatua ya 3, ingiza mkono ndani upapase kote. Mshono uliotokeza, gundi iliyoganda, ncha ya msumari, vidole vyako vitasikia kile ambacho mguu wa mzee hautasikia. Soli iwe nene, kisigino kifupi na kipana, kiwe na kamba au mkanda wa kubandika. Anayekaa milimani kama Bugarika kamba ni lazima, akishuka kwenye yale mawe mguu unateleza mbele na vidole vinagonga kiatu. Malapa hapana, yanachuna katikati ya vidole. Mitumba ya soko la Mlango Mmoja najua bei yake ni nafuu, ila soli ya ndani imeshabonyea kwa umbo la mguu wa mtu mwingine. Na kama mzee amewahi kukatwa kidole au kupata kidonda, cha dukani hakimfai, atengenezewe.

Hatua ya 4, asikivae kutwa siku ya kwanza. Saa moja tu, ndani ya nyumba, na soksi isiyobana, kisha vua uangalie. Wekundu ukibaki baada ya dakika 20, kiatu hicho kirudi kwa fundi.

Na kila asubuhi kikung'utwe kabla hajavaa. Kuna mama muuza dagaa alitembea kutwa nzima na kifuniko cha soda ndani ya kiatu, amekuja kujua usiku mjukuu alipoona damu kwenye soksi.