Kabla Hujapanda Bustani Masika Yanapoisha

Mwishoni mwa Mei hapa Morogoro mvua za masika huanza kukatika, udongo bado una unyevu, na aliyechelewa huona kwamba nafasi bado anayo. Anayo, ila ni finyu, na cha kupima kwanza ni maji. Tuta la mita moja kwa tatu, kiangazi kikishashika, linataka karibu dumu la lita 20 kwa siku. Matuta manne ni madumu manne, kila siku, hadi Agosti na kuendelea. Kama maji unanunua, au bomba linatoka mara mbili kwa wiki, amua sasa kwamba utalima matuta mawili. Naumia kila mwaka nikipita penye bustani zilizopandwa mwezi wa sita kwa moyo wote zikawa zimekauka wa saba.

Halafu hesabu siku. Mchicha huanza kuvunwa wiki ya tatu au ya nne, chainizi wiki ya tano hivi, na kwa mtu aliyechelewa hizo ndizo mboga za kutegemea. Nyanya ni habari nyingine: kitaluni wiki nne, kisha miezi miwili na nusu au mitatu baada ya kuhamishwa. Unayoisia leo itaiva Septemba, kwenye jua kali, kwa maji ya kubeba. Miche ya kununua inakuokolea mwezi mzima, lakini kabla hujalipa omba mmoja ung'olewe uone mizizi. Ikiwa imevimba vinundu vinundu, iache hapo hapo. Hiyo ni minyoo fundo, na ikishaingia kwenye udongo wako kuitoa ni kazi ya miaka.

Swali ambalo wengi tunalisahau ni tuta hilo lilibeba nini msimu uliopita. Nyanya, nyanya chungu, biringanya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja, na maradhi yao ni ya pamoja. Mwaka mmoja nilipanda nyanya palipokuwa na nyanya chungu. Miche ilishika vizuri, ikafika magotini, kisha mche mmoja mmoja ukanyong'onyea mchana majani yakiwa mabichi kabisa. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Mama mmoja jirani akakata kipande cha shina karibu na ardhi, akakishikilia ndani ya glasi ya maji safi. Hazikupita dakika nyingi, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye mkato. Ndiyo dalili ya mnyauko bakteria, na hauna dawa ya kupuliza. Mimea yote niling'oa, nikachoma, na tuta lile tangu hapo ni la mchicha na sukuma wiki tu. Kwa hiyo kumbuka vizuri, au muulize aliyelima kabla yako.

Ukishaamua kupanda nyanya, jiandae kwa kantangaze kabla hujamwona. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, na hapa Tanzania alithibitishwa mwaka 2014. Watu humkosa kwa sababu wanamtafuta juu ya jani, naye anaishi ndani yake. Inua jani lenye baka jeupe ulielekeze kwenye jua: utamwona kiwavi mdogo, kichwa cheusi, amelala katikati ya ngozi mbili za jani, na kinyesi chake kimejikusanya pembeni kama vumbi la mkaa. Majani ya namna hiyo yachume, yatie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uanike juani. Usiyatupe kwenye shimo la mboji. Kagua hivyo mara mbili kwa wiki tangu siku ya kuhamisha miche. Ukisubiri matobo kwenye matunda umechelewa.

Kiangazi huleta pia nzi weupe, ambao hueneza ugonjwa wa rasta, ule wa majani ya nyanya kujikunja na mmea kudumaa, na utitiri mwekundu unaopenda mimea yenye vumbi na kiu. Kule juu Mgeta, kwenye baridi na ukungu, tishio kubwa ni bakajani chelewa, ugonjwa unaobabua majani na kuozesha matunda. Acha nafasi kati ya mche na mche upepo upite, na mwagilia shinani asubuhi. Nyanya ikioza kitako, usikimbilie dawa. Mara nyingi ni maji ya leo mengi, kesho hakuna. Tandaza nyasi kavu ili unyevu ukae.

Mbegu ya mwaka jana ijaribu: punje 10 kwenye kitambaa kibichi, siku saba. Zikiota nane, sia kama kawaida. Zikiota nne, sia mara mbili zaidi. Zikiota chini ya hapo nunua nyingine, na usome tarehe kwenye pakiti ukiwa bado dukani.