Manesi mnaoomba leseni Marekani, hizi alama za vidole msizichukulie poa

Habari za jioni wapendwa, niko hapa Moshi nimetoka shifti. Wengi mmenifuata inboksi kuhusu alama za vidole, acha niweke hapa mara moja.

Kwanza, usikimbilie polisi kupigwa alama. Soma maelekezo ya bodi ya manesi ya jimbo unaloomba mpaka uyaelewe, maana kila jimbo lina utaratibu wake. Alama hizo ni za kuangalia kama una rekodi ya uhalifu, na bodi nyingi zinataka majibu yatoke FBI, yaani polisi wa upelelezi wa Marekani, yaende kwao moja kwa moja, kwa hiyo ile ripoti unayojiombea mwenyewe FBI kwa dola 18 unaweza ukalipia halafu wakaikataa. Kwenye kadi ya kupigia alama kuna sehemu ya namba inaitwa ORI, hiyo ndio inawaambia FBI majibu yaende wapi, ikikosewa umeumia.

Pili, kadi yenyewe ni FD-258. Chukua mbili au tatu, usizikunje.

Tatu, na hapa naomba mnisikilize sana, ni vidole. Mimi kadi yangu ya kwanza ilirudi, haisomeki. Miaka tisa wodini naosha mikono kwa sabuni na spiriti, ncha za vidole zimelainika hata mistari huioni vizuri, na aliyenipiga alama alijaza wino ukawa doa jeusi tupu. Nikapoteza miezi mitatu nalia tu. Safari ya pili, wiki nzima kabla nilipaka mafuta ya mgando kila usiku, nguo nikafua na glovu, siku yenyewe nikanawa nikakausha kabisa bila kupaka kitu. Wino uwe mwembamba, kila kidole kiviringishwe toka ukingo huu wa kucha mpaka ule, halafu vile vinne vinalazwa pamoja, na dole gumba peke yake. Wewe legeza mkono, usimsaidie askari kusukuma. Usisaini kabla, saini mbele yake na yeye asaini.

Maswali yenu:

*Dada, niko Arusha, nina cheti cha tabia njema cha polisi, si kinatosha?*
Hapana mdogo wangu, hivyo ni vitu viwili. Hicho kinaonyesha rekodi za hapa Tanzania, FBI wanaangalia za kwao. Kitunze lakini, ukibadili mawazo ukaomba Uingereza watakidai.

*Alama zikikataliwa mara mbili je?*
Unaweza kuombewa na bodi, FBI watafute rekodi kwa jina lako. Waandikie bodi, ambatanisha barua zote mbili za kukataliwa.

*Mimi zamani nilipigana mtaani nikalipa faini mahakamani, niinyamazie?*
Kaka yangu, soma swali la fomu neno kwa neno, kama linauliza hukumu yoyote popote pale, iandike. Nenda mahakamani kaombe nakala ya hukumu na risiti ya faini, tafsiri kwa Kiingereza, andika barua ya kueleza ilikuwaje na umebadilikaje. Faini ya zamani bodi inaweza kuipima ikakuelewa, ila wakigundua ulificha watakuhukumu kwa uongo wa leo. Anza na hiyo nakala wiki hii, faili za zamani zinachukua muda kupatikana.