Deraya za kupendeza, kipigo kidogo: namna ya kumvalisha mhusika wako kwenye gemu za RPG (za kumkuza mhusika)

Kwenye vibanda vya gemu vya Mwanjelwa au Mafiati, jijini Mbeya, utaona wahusika wa aina mbili. Kuna aliyevalishwa kwa namba tupu: kofia ya kijani yenye pembe, kifua cha dhahabu, buti za manyoya. Na kuna aliyependeza kweli, ila jambazi wa kwanza njiani anamlaza. Wote wawili wamekosea hesabu ileile. Pointi za ulinzi huwa na kikomo, na vipande vya vazi havibebi pointi sawa. Ukijua kikomo kiko wapi na kipande gani kinabeba mzigo, kinachobaki ni chako kukipamba utakavyo.

Hatua ya 1: Hakikisha una tatizo kweli

Gemu nyingi za sasa zimetenganisha sura na namba, na watu wanateseka bure kwa kutojua. Kwenye Assassin's Creed Odyssey na Hogwarts Legacy unabadilisha mwonekano wa kipande palepale kwenye ukurasa wa mavazi, bila malipo, na sura ya kitu ulichowahi kumiliki inabaki hata ukikiuza. Assassin's Creed Valhalla inadai fedha 50 za ndani ya gemu kwa mhunzi. Diablo IV inataka uvunje kipande kwa mhunzi kwanza, ndipo sura yake iingie kwenye kabati lako, kwa hiyo anayeuza kila kitu anapoteza sura nyingi. World of Warcraft ina huduma hii tangu 2011, ila mvaa sahani za chuma hawezi kuchukua sura ya deraya ya ngozi.

Cyberpunk 2077 ilipata kabati la mavazi mwaka 2022, kisha toleo 2.0 la 2023 likahamishia sehemu kubwa ya ulinzi kwenye vipandikizi vya mwilini. Vaa unachotaka.

Kama gemu yako haina njia hiyo, endelea. Skyrim, ambayo bado inachezwa sana kwa kuwa haihitaji bando, ndiyo shule nzuri kuliko zote.

Hatua ya 2: Tafuta kikomo, kisha hesabu ziada

Skyrim haipunguzi kipigo cha silaha zaidi ya asilimia 80. Kila pointi ya deraya inapunguza asilimia 0.12, na kila kipande cha deraya unachovaa kina pointi 25 za siri ambazo skrini haikuonyeshi. Ukiwa na vipande vinne (kichwa, kifua, mikono, miguu), kikomo kinafikiwa skrini ikisoma 567. Ukiongeza ngao, 542 zinatosha.

Ukiona 700 kwenye skrini, pointi 133 hazifanyi kazi yoyote. Hiyo ndiyo bajeti yako ya urembo: toa kofia mbaya, vaa unayoipenda, mradi usishuke chini ya 567. Kumbuka tu kwamba ukivua kofia ya deraya na kuvaa ya kitambaa, unapoteza pointi zake pamoja na zile 25 za siri.

Hapa wengi wanateleza. Wanasema nipo asilimia 75, inatosha. Pigo la 100 ukiwa na asilimia 75 linakuumiza 25. Ukiwa na 80 linakuumiza 20. Umepunguza moja ya tano ya maumivu. Lakini kutoka asilimia 20 hadi 25 unatoka 80 kwenda 75, tofauti ambayo hutaisikia. Pointi za mwisho ndizo zenye thamani. Kwa hiyo mwanzoni mwa gemu vaa unavyotaka. Ubahili wa pointi uanze ukikaribia kikomo.

Hatua ya 3: Seti moja dhaifu inaishinda michanganyo ya bei mbaya

Chukua mfano wa deraya nzito. Ujuzi wa Heavy Armor uko 100, perki (uwezo wa ziada unaouchagua ukipanda ngazi) za Juggernaut, ngazi zote tano, na Well Fitted zipo, na kila kipande kimenolewa hadi Legendary, daraja la juu kabisa la kunoa. Kunoa huko kunaongeza pointi 20 kwenye kifua na 10 kwenye kila kipande kingine.

Seti nzima ya Daedric, deraya ya daraja la juu, bila perki ya Matching Set (asilimia 25 zaidi ukivaa seti moja inayolingana) inafika karibu 553. Bado hujafika. Seti ya Steel Plate, ambayo ni nyepesi na kwa macho yetu imetulia zaidi, ukiivaa yote ukiwa na Matching Set inafika karibu 599. Umevuka kikomo kwa chuma cha daraja la chini. Wale wanaochanganya kofia ya huku na glavu za kule kwa kufuata namba ya kila kipande wanaipoteza asilimia 25 ya Matching Set, halafu wanashangaa kwa nini jitu linawalaza.

Ona pia kwamba kifua cha Daedric kinamzidi mwenzake wa Steel Plate kwa pointi 9 tu za msingi, wakati kunoa kunaongeza 20. Chagua kifua kwa sura, halafu kinoe.

Hatua ya 4: Noa kwanza, uchawi baadaye

Kipande chenye uchawi hakinoleki bila perki ya Arcane Blacksmith, inayotaka Smithing (ujuzi wa uhunzi) 60. Kwa asiye nayo, akikimbilia meza ya uchawi kabla ya benchi la mhunzi, kipande kimekwama. Legendary yenyewe inataka Smithing 91 pamoja na perki ya chuma husika. Bila perki hiyo utasota sana.

Hatua ya 5: Ukitaka joho tupu

Inawezekana. Nguo za kawaida hazina pointi wala hazinoleki, ila zinabeba uchawi sawasawa na deraya. Ulinzi utatoka kwenye tawi la uchawi la Alteration: uchawi wa Ebonyflesh unatoa pointi 100, na perki ya Mage Armor ngazi ya tatu inazifanya 300, kwa sharti kwamba hujavaa deraya hata moja. Kofia moja ya chuma inaharibu hesabu yote. Na kwa kuwa deraya haizuii moto wala barafu ya kichawi, mvaa joho atumie nafasi zake za uchawi kwa kinga dhidi ya moto na barafu hiyo, yenye kikomo cha asilimia 85.

Ukiwasha Survival Mode, hali inayokudai upambane na baridi na njaa, inaongezeka namba nyingine, joto la vazi. Baridi inakula afya yako, kama tunavyojua wakazi wa Uyole na Makete mwezi wa Juni. Manyoya yanapata thamani ghafla. Kifua wazi kule kaskazini ni kujitafutia kifo. Mwenge mkononi unasaidia kidogo.

Gemu zinazohesabu uzito au kete

Elden Ring haina kikomo cha aina hiyo, inapima mzigo. Chini ya asilimia 30 ya uwezo wako wa kubeba unabiringika kukwepa kwa wepesi, chini ya 70 kawaida, kuanzia 70 unakuwa gunia. Uwezo huo ukiwa 60, mzigo wote ubaki chini ya 42. Silaha zote zilizo kwenye nafasi zinahesabiwa, hata zile ambazo hujazishika, kwa hiyo kabla ya kuvua kifua kizuri ondoa upanga wa akiba.

Baldur's Gate 3 ni rahisi zaidi. Pointi moja ya AC (kiwango cha ulinzi) kwa kawaida ni asilimia 5 ya nafasi ya kupigwa, kwa kuwa kete ina pande 20. Mwenye Dexterity (wepesi) 18 akivaa Studded Leather, deraya ya ngozi, anapata 12 za deraya na 4 za wepesi, yaani 16, sawa na Chain Mail, deraya ya minyororo. Ngozi haikugharimu kitu. Usivae tu deraya ambayo mhusika hakufunzwa, maana mchawi hataweza kutupa uchawi. Rangi zinatumika mara moja kila chupa, na kuna kitufe cha kuonyesha nguo za kambini juu ya deraya.

Hatua ya mwisho: Pima kabla ya kuuza

Kamera ya nyuma inaonyesha mgongo, kwa hiyo zungusha mhusika uangalie joho na kofia, glavu hutaziona. Rangi mbili zinatosha, ya tatu iwe ndogo.

Kisha sevu kwenye nafasi mpya, pambana na adui uliyemzoea, linganisha mapigo mangapi yanakuangusha kwa vazi la zamani na jipya. Kibandani usitegemee sevu ya pamoja: anayefuata baada ya saa yako kuisha anaweza kuandika juu yake, na umeme ukikatika katikati ya kusevu faili linaweza kuharibika. Vazi la zamani liweke kwenye sanduku la nyumbani mpaka uwe umepigana na kitu kikubwa kuliko jambazi.