Namna ya Kuweka Mashairi Ndani ya Daladala na Mabasi ya Mwendokasi

Mwezi Januari 1986, abiria wa treni za chini ya ardhi jijini London walianza kukuta mashairi katika nafasi za matangazo ndani ya mabehewa, kutokana na wazo la mwandishi Judith Chernaik. New York ilifuata mwaka 1992. Anayetaka kufanya hivyo katika daladala au mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam ana nafuu moja kubwa, kwamba ubeti wa shairi la Kiswahili tayari una kipimo cha bango.

Chagua ubeti mmoja wa tarbia, yaani wenye mishororo (mistari) minne, unaojitosheleza, kwa kuwa abiria hatapata beti zinazoutangulia wala zinazoufuata. Mapenzi, safari, mzaha na majibizano hufaa sana. Mawaidha yaepuke, maana ndani ya gari mna maonyo ya kutosha. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hazina tena mwenye kudai hakimiliki, ila uteue ubeti ambao Kimvita chake, yaani lahaja ya Mombasa, kitaeleweka bila maelezo ya maneno. Kwa mshairi aliye hai, au warithi wa aliyefariki karibuni, omba idhini kwa maandishi, na jina la mtunzi liandikwe chini ya ubeti.

Mpangilio ndio unaoharibiwa mara nyingi. Mshororo wa mizani 16, yaani silabi 16, hukaa vizuri katika bango refu la mlalo juu ya madirisha, ambapo ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, huachiwa nafasi kati yao ili macho yaone vina viwili, silabi zinazofanana za kati na za mwisho, vikishuka sambamba. Nyuma ya kiti cha dereva nafasi ni finyu, hivyo kata kila mshororo kwenye kina cha kati upate mistari minane, wala usikate kwingine kokote, kwa sababu mizani itavunjika na msomaji atajikwaa. Tumia stika isiyong'aa na herufi nyeusi zisizo na madoido. Kabla ya kuchapa nyingi, bandika moja ndani ya gari na uisome ukiwa umesimama katikati, gari likiwa linatembea.

Kwa daladala, ruhusa hutolewa na mmiliki, lakini mwonyeshe pia dereva na kondakta, kwani wao ndio watakaoilinda stika isichanwe. Kwa mwendokasi, peleka barua na sampuli kwa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, pamoja na kampuni inayoendesha mabasi. Usifunike tangazo la nauli, maelekezo ya mlango wa dharura wala kioo chochote.

Badilisha beti kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa sababu abiria wa njia moja huzisoma kila siku na huzihifadhi upesi. Stika ya zamani ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele kabla ya kuibandua, ili gundi isibaki ukutani na mmiliki asikunyime nafasi ya ubeti unaofuata.